Siki Kwanza, Jiki Baadaye

Bwana Garside aliniuzia kwa pauni kumi na mbili,
akaniongezea pampu, na jiwe la bluu lisilo kazi.
"Walikufa wote wiki moja," alisema, akitazama mlango.
"Vidoa vyeupe. Kama chumvi."
Sikumuuliza zaidi. Mtu akikupunguzia bei
usimchimbe.

Nikalipakia tangi kwenye kigari cha Siwema,
kile alichokiacha tangu ajue kukimbia,
nikalisukuma Barabara ya Anlaby, manyunyu usoni,
na bibi mmoja kituo cha basi akainama
kumchungulia mtoto,
akakuta kioo.

Bafuni sasa. Dirisha wazi, Februari inaingia bila hodi.
Maji ya Hull yana chokaa; yamekaukia kwenye kioo
mstari juu ya mstari,
kama ukoko wa sufuria iliyosahauliwa na wapishi watano.
Siki kwanza. Kitambaa kimelowa, kimelala juu ya ukoko
nusu saa, na mimi nimekaa ukingoni mwa beseni
nikinuka kachumbari.

Kisha suuza. Suuza tena. Maana siki na jiki
majina yao yana kina kimoja, wenyewe hawapatani:
ukiwakutanisha watatoa moshi wa kukukaba koo.
Ni kama shangazi zangu wawili na harusi za ukoo,
huyu haingii mpaka yule awe keshapanda gari.

Sabuni, hapana. Sabuni hujificha kwenye gundi ya pembeni
ikawangoja samaki.
Jiki, ndiyo: kipimo kimoja, maji vipimo kumi na tisa,
na muda wake. Haya nayajua.
Usiku nalipwa kwa saa kuyajua haya,
wodi ya nane, kitanda kikishaachwa wazi:
fremu, magurudumu, kitufe cha kumwita nesi
ambacho hakikosi alama ya kidole gumba.
Haniambii mtu nani alilala hapo.
Nafuta. Asubuhi analala mwingine, anasema
"Pasafi hapa," na mimi nimeshapanda basi.

Siwema mlangoni, amebana pua:
"Baba, ule ugonjwa umekwenda wapi?"
Nikasema umekwenda na maji.
"Na maji yamekwenda wapi?"
Nikasema, nenda kavae soksi.

Siku mbili lilikauka, kichwa chini, juu ya taulo.
Nikatia pua ndani: halinuki siki, halinuki jiki,
halinuki Garside. Umebaki mkwaruzo mmoja
kwenye kona, mfano wa herufi V iliyolewa,
wa pete labda, sijui ya nani. Huo hautoki.
Nimejaribu.

Usiku nikalijaza maji, magazeti nimeyatandika chini,
nikaamka saa tisa kuyapapasa kama mwizi:
makavu.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.
Kijana wa dukani alicheka kwa upole:
wale wadudu uliowaua, wengine walikuwa wema.
Samaki hawaishi bila wao. Inabidi warudi,
na huja wenyewe, kwa wakati wao,
wiki nne, tano, sita,
kama wapangaji wanaokagua nyumba
bila kusema kodi imewapendeza au la.

Basi tunakula chakula cha jioni mbele ya maji matupu.
Taa inawaka. Pampu inakoroma.
Mama yake anasema angalau hawa hawahitaji kulishwa.
Siwema ameshasogeza kiti, kidole chake, kina mchuzi,
juu ya kioo nilichokihangaikia siku tatu,
anaonyesha pasipo na kitu:
"Yule pale."
"Yupi?"
"Yule! Umeshamkosa.
Ameingia nyuma ya jiwe."